Fisi wa Chumba cha Pamba

Kosa lenyewe lilikuwa la kidole kimoja. Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha kwenye redio kaseti ya shangazi, nikakisikia kinalia "ta", nikaamini kimefanya kazi yake, nikatoka zangu kwenda kukojoa nyuma ya zizi. Sikuangalia kama taa ndogo nyekundu imezimika. Nina cheti cha kidato cha nne, na ingawa alama yangu ya fizikia sitaitaja hapa, kwa taa nyekundu hata mtoto wa chekechea hahitaji mwalimu. Mimi sikuangalia. Kwa sababu ya haja ndogo ya dakika mbili, bibi mmoja wa Somanda, mtaa wetu hapa Bariadi, alikaribia kuuawa, na mimi ambaye mpaka leo kuku wa kuchinja namwitia jirani, ndiye niliyewapelekea waliomtaka sauti yake mwenyewe, imenaswa safi kabisa, haina hata mkwaruzo.

Nimeyakumbuka hayo mwezi uliopita, kwenye msiba wa Mzee Ngassa, jirani yangu wa upande wa kulia kwa miaka yote niliyoishi, ambayo ndiyo miaka yangu yote, maana sijahama. Watu walipoanza kupungua, binti yake mkubwa, Mbuke, aliniita uani, akanipa kitu kilichoviringishwa kwenye pamba ambayo bado ina mbegu zake. Ndani kulikuwa na kaseti. "Ilikuwa ndani ya sanduku la baba," akasema, "pamoja na kadi ya ushirika na miwani iliyovunjika mkono. Tulidhani ni kwaya." Nikaigeuza. Ubavuni, kwa mwandiko wangu wa ujana, ule wa herufi zenye mikia kama wa mtu anayetafuta kazi ya ukarani, kulikuwa na maneno: KABULA NA FISI WAKE. Nikakaa chini. Mbuke alidhani nalia kwa ajili ya baba yake, akaniletea maji, na sikumsahihisha. Ukweli ni kwamba nilikuwa nacheka. Mzee Ngassa ndiye aliyesimama mbele ya mtaa mzima, mwaka ule, akadai mwenye sauti iliyomo ndani ya kaseti hiyo ni mchawi. Na yeye ameihifadhi ndani ya pamba kama yai.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa wanunuzi binafsi wa pamba. Kabla yake tulijua mnunuzi ni mmoja, chama cha ushirika kile kile, mzani ule ule, na kuchelewa kule kule. Mwaka ule zikaja gari ndogo zenye vijana wenye kofia, kila mmoja na ahadi yake, na wakulima wakaamua kusubiri waone nani atasema neno zuri zaidi. Matokeo yake Bariadi nzima ililala na pamba ndani. Kwa shangazi yangu ilijaa chumba cha wageni mpaka kwenye boriti, ikabaki nafasi ya mtu mmoja kukaa karibu na dirisha. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimerudi kutoka shule na matokeo ambayo shangazi aliyasoma mara mbili, mara ya pili akiwa ameigeuza karatasi, akaniambia, "Basi kaa ulinde pamba. Kuku wasiingie, moto usiingie, na wewe usitoke." La tatu alilisema kwa utani. Mimi kutoka? Wenzangu walienda Mwanza kutafuta maisha, wengine wakachunga, mmoja akafika Nairobi akarudi na viatu virefu. Mimi nilipenda kuta nne, bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na kijito cha mwanga kinachoingia dirishani. Wanawake wakipita na ndoo kwenda bombani walinisalimia dirishani, "Mwangaluka, mwali!" nami nikawajibu, "Mwangaluka, mayu," yaani mama, "nani anakuja kunioa leo?" Walicheka mpaka maji yakamwagika. Sijawahi kuona aibu kwa kupenda ndani. Waliotoka wote wamerudi, na wengine wamerudi wakiwa wamebebwa.

Upande wa kushoto aliishi Bibi Holo, peke yake, na mbwa. Mbwa aliitwa Bwanashamba, kwa sababu, kama alivyoeleza bibi mwenyewe, alizunguka mashamba ya watu siku nzima bila kushika jembe. Alikuwa mbwa mkubwa, wa rangi ya vumbi, mabega yamepanda juu kuliko kiuno, na alipotembea kwa mbali usingependa kukutana naye. Bibi Holo alipikia ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa mabua ya pamba, na yeyote aliyewahi kupikia mabua ya pamba anajua ule moshi unavyofanya macho. Yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia sasa hivi. Kwa kawaida hilo si neno. Lakini miaka ile, huku kwetu, macho mekundu ya mwanamke mzee yalikuwa ni hukumu inayongoja siku. Watu walisema mchawi anafuga fisi, anamkamua, anampanda kama baiskeli. Walisema hivyo wakiwa wanakula, kwa sauti ya kawaida, kama wanavyosema mvua imechelewa Maswa. Na kila baada ya muda tulisikia huko vijijini bibi fulani amekutwa amekatwa mapanga mlangoni kwake, na anayekuletea habari hiyo hamalizi kabla hajasema, "Lakini alikuwa na macho mekundu."

Shija, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa na kibanda karibu na stendi, na ndani yake mashine ya milango miwili inayonakili kaseti. Mwaka ule kila mtu aliyegusa pamba aliota redio kaseti, na vibanda vya kanda vilikuwa vinaota kama uyoga baada ya mvua. Siku moja alikuja kukaa nami chumbani kwenye pamba, akachukua michembe bila kukaribishwa, akasema, "Muziki watu wanao. Kwaya wanazo. Watoto hawana kitu. Wewe kazi yako kukaa tu, si utunge hadithi?" Nikamwambia hadithi ninazozijua zote ni za Bibi Holo. "Basi mrekodi bibi." Akaguguna kipande cha michembe. "Ila isiwe ya sungura. Sungura, watu wamemchoka."

Nilipompelekea bibi neno hilo, alikuwa anachambua mlenda, na Bwanashamba kalala amemwekea kichwa mguuni. "Huyo Shija ana akili kuliko wewe," akasema. "Mimi sungura nimemchoka tangu sijavunja ungo. Mwongo, mwizi, halafu kila siku ndiye anashinda. Na fisi? Fisi anapigwa, anaunguzwa, anaangukia shimoni, watu wanacheka. Nani alimuuliza fisi?" Nikamwambia, mayu, hadithi ya fisi hapa kwetu ina mambo yake. Akaniangalia kwa yale macho. "Najua ina mambo. Ndiyo maana naitaka." Akaendelea na mlenda wake.

Ikawa hadithi ya Kabula, binti yatima anayechunga ng'ombe wa mjomba, ambaye siku moja anamkuta mtoto wa fisi amenasa kwenye miiba, na badala ya kumpiga anamtoa. Fisi yule anaweza kuingia ndani ya kibuyu akawa mdogo kama mbegu, na akitoka anakuwa mkubwa kama ndama. Yuko pia kanga anayejua njia zote lakini hawezi kusema uongo, jambo linalowatia matatani kila wanapojificha, na yuko kobe ambaye mtu akimsimulia huzuni yake anaibeba kwenye gamba, kwa hiyo anazidi kuwa mzito kila sura. Wanne hao wanatafuta mvua, ambayo mtu mmoja ameifunga ndani ya chungu ng'ambo ya mto. Haya yote aliyasema bibi kwa siku tatu, nami nikayaandika kwenye daftari la hesabu, nikirekebisha sarufi yake, na yeye akirekebisha marekebisho yangu. "Fisi wangu hasemi 'hakika'," aliniambia. "Fisi wangu anasema 'eee'."

Hakuna studio nzuri kama chumba kilichojaa pamba. Nimeyajua hayo kabla ya watu wa redio. Ukisema neno linadondoka hapo hapo, halirudi. Tulikaa magoti yanagusana, redio kaseti juu ya debe, daftari juu ya paja. Mbegu za pamba ndani ya kibuyu zilikuwa mvua. Gunia tulilolikanyaga taratibu lilikuwa nyasi. Mimi nilikuwa kanga na mjomba na ng'ombe wote. Bibi alikuwa Kabula, na kobe, na msimuliaji, na fisi. Alipocheka kile kicheko cha fisi mara ya kwanza, kile kinachoanza chini na kupanda mpaka kinakatika, nje Bwanashamba alinyanyuka akaondoka. Tulifika mahali ambapo mto Simiyu umefurika, Kabula amepanda mgongoni kwa fisi, chungu cha mvua kinaonekana ng'ambo, na maji yamefika kwenye pua ya fisi. Kaseti ilikuwa inakaribia kuisha. Bibi akasema, "Hapo hapo. Wasubiri." Nikabonyeza kitufe. Nikatoka.

Niliporudi bibi alikuwa mlangoni anamtoa Bwanashamba miiba. Mashine ilikuwa imekwishajizima yenyewe, nikaitoa kaseti nikampelekea Shija jioni ile ile, na sikuisikiliza mpaka mwisho. Sababu ni ya kijinga vilevile: sauti yangu ya kanga ilinitia aibu.

Shija alinakili kaseti kumi za kwanza kwa wasiwasi, halafu akawa hapati usingizi kwa kunakili. Zilikwenda Maswa na kina mama wa mitumba, zikaenda Mwanhuzi kwenye malori ya pamba, zikaenda vijijini ambako mtu mwenye redio moja aliwakusanya watoto wa kaya nane. Nilijua kanda imeshika siku niliyosikia kupitia dirishani watoto wanakwenda shule wakijibizana, mmoja akisema, "Kanga, tumejificha wapi?" na wote wakimjibu kwa sauti yangu, sauti ile ile ya aibu, "Nyuma ya kichuguu, bwana, siwezi kudanganya!" Nikasahau aibu. Kwa wiki mbili nilikuwa mtu maarufu asiyetoka nje. Shangazi alianza kuniwekea nyama ya shingo.

Halafu, asubuhi moja, nikasikia mazungumzo mengine njiani. Walikuwa wanawake wawili, wamesimama na ndoo zao chini ya dirisha langu bila kujua nimo, jambo ambalo lilinishangaza kidogo, maana mimi nimo siku zote. Mmoja akasema, "Umeisikiliza mpaka mwisho kabisa? Si hadithi. Baada ya hadithi." Mwingine akasema, "Mimi nilidhani ni sehemu ya hadithi." "Hadithi gani inamtaja Ngassa? Ngassa si amepotelewa na mwanambuzi? Na yeye bibi si alionekana Mwanhuzi kesho yake, asubuhi na mapema? Kwa miguu gani?" Wakabeba ndoo, wakaondoka, na nilipowaangalia migongo waliishika njia ndefu, ile isiyopita mbele ya nyumba ya Bibi Holo.

Nilimfuata Shija mbio, mimi huyu, mbio kabisa, na shangazi anasema watu walitoka nje kuangalia. Tukaweka kaseti. Mto umefurika, maji puani, "Hapo hapo, wasubiri," mlio wa kitufe, miguu yangu inatoka. Kimya. Halafu sauti ya Bibi Holo, si ile ya kusimulia, ile yake ya nyumbani, laini: "Njoo, mwanangu. Toka huko kwenye pamba, mwenyewe asikuone. Kula ushibe, kesho alfajiri tuna safari, mimi na wewe, Mwanhuzi. Na yule mwanambuzi wa Ngassa uliyemla, nimekusamehe, lakini usirudie, watatuua." Kaseti ikakatika hapo. Maisha yake yote bibi yule alimwita mbwa wake Bwanashamba. Siku hiyo moja akamwita mwanangu.

Shija akasema, "Si useme tu ni mbwa." Ndiyo, ni mbwa. Bibi alipanda lori la pamba kwenda kumwona binti yake, na mbwa akapanda naye, na huko Mwanhuzi, wakati wa kushuka, lori jingine likarudi nyuma. Alimzika kando ya barabara kwa jembe la kuazima. Kwa hiyo mbwa ambaye angenyamazisha mtaa mzima kwa kupita tu na mkia wake hakuwepo tena, na kutoweka kwake baada tu ya safari hiyo kulizidisha mambo. Mzee Ngassa, aliyekuwa na mbuzi sita na akawapenda kwa majina, alinunua kaseti, akaisikiliza mwisho wake mara nyingi kuliko mtu yeyote, na akawa anaeleza kwenye kituo cha kununulia pamba kila siku, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetoa taarifa ya mvua: "Mimi sisemi kitu. Nasema sikilizeni dakika ya mwisho."

Karatasi iliwekwa mlangoni kwa bibi siku ya Jumatano, chini ya jiwe. Hakujua kusoma, akaniletea chumbani kwenye pamba, akaketi pale alipoketi siku ya kurekodi. Ilikuwa imechanwa kutoka kwenye daftari la hesabu kama langu. Ilikuwa na maneno matatu, HAMA KABLA MVUA, na mtu aliyeyaandika alikuwa na mwandiko mzuri, jambo ambalo limenisumbua mpaka leo. Nilifikiria kumdanganya. Niliwaza kusema ni tangazo la chanjo. Lakini alikuwa ananiangalia, na nilikuwa nimekwishamdhulumu mara moja kwa uzembe, nikaona mara ya pili isiwe kwa makusudi. Nikamsomea. Halafu nikamwambia la kitufe, na taa nyekundu, na kukojoa, yote. Nilidhani atanipiga. Akaanza kuchuna mbegu kwenye pamba ya shangazi moja moja, akiziweka mfukoni kama mtu anayekusanya za kupanda.

"Kwa hiyo hawa," akasema mwisho, "wamekisikia kicheko changu wakakipenda, wamemsikia mbwa wangu akila wakaniogopa."

"Ndiyo, mayu. Shangazi anasema uende Mwanhuzi kwa binti yako, mpaka yaishe."

"Yataisha lini? Nina miaka mingapi ya kungoja yaishe?" Akanirudishia karatasi. "Una kalamu? Andika nyuma yake."

"Niandike nini?"

"Andika: Sihami. Mvua ikinyesha nitapanda."

Nikaandika. Akataka nimsomee, nikamsomea, akasema niongeze jina lake, niliandike kubwa. Akairudisha mlangoni kwake, akaiweka chini ya jiwe lile lile, upande wa jibu ukiangalia juu. Mimi jioni ile nilibeba godoro langu, nikalitandika kwenye kizingiti cha jiko lake. Ilikuwa mara ya kwanza kulala nje ya nyumba ya shangazi tangu nirudi kutoka shule, umbali wa hatua arobaini, na mbu walinila kama wamealikwa. Panga nililokuwa nalo lilikuwa butu. Sitajifanya shujaa: kama wangekuja, wangenikanyaga njiani. Lakini asubuhi karatasi haikuwepo. Mtu alikuwa ameichukua akaisoma.

Nilichofanya baadaye nakihesabu kuwa ndicho kitu cha maana pekee nilichofanya na cheti changu. Nilikumbuka kwamba kaseti za Shija za kunakilia zilikuwa fupi kuliko ile ya mwanzo. Tukaitafuta ya mwanzo, tukaikuta chini ya boksi la betri, tukaisikiliza mpaka utepe ukaisha. Baada ya "watatuua" kulikuwa na pumzi, kitu kinapiga debe kwa mkia, halafu, wazi kabisa, mbwa anabweka mara mbili, na bibi anasema, "Nyamaza, mashine ya watu imelala." Nilimkumbatia Shija. Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukamwomba aitishe mkutano, naye akakubali upesi kwa sababu alikuwa amechoka kuamkia kesi hiyo kila siku.

Mkutano ulifanyika Jumamosi mchana kwenye banda la mzani wa pamba, watu wamekaa juu ya magunia, wanunuzi wenye kofia wakisikiliza kutoka kwenye gari lao. Nilisimama mbele ya watu, nikasema mimi Maduhu ndiye niliyeacha mashine inarekodi, kosa ni langu, na hii hapa kaseti nzima. Nikabonyeza. Wakamsikia bibi, wakamsikia mbwa akibweka mara mbili. Nikaangalia nyuso nikingojea ahueni. Mzee Ngassa akanyanyuka, akakung'uta kanzu yake.

"Kijana," akasema, "fisi wa kufugwa hufundishwa kubweka. Ungekuwa wewe ndiye mchawi, ungemwacha acheke asikike na jirani?"

Watu wakaitikia kwa vichwa. Hata mwenyekiti aliitikia kidogo, nadhani kwa bahati mbaya. Na mimi, mwenye kidato cha nne, nilisimama na redio kaseti mikononi. Ukiwa na mbwa unaambiwa ni fisi anayebweka. Ungeleta fisi, ungeambiwa ndiye huyo. Niliona jinsi watu wazima niliowasalimia dirishani miaka yote wanavyoweza kuketi juu ya pamba yao, kwa upole, na kumsogeza mtu kaburini kwa kutikisa vichwa tu. Mtu wa nyuma akasema, "Aondoke tu kwa amani." Mwingine akasema, "Na leo."

Bibi Holo alinyanyuka. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na macho yake, kwa moshi wa asubuhi ile, yalikuwa mekundu kuliko siku zote. Hakujifuta.

"Ngassa," akasema, "mbwa wangu alimla mwanambuzi wako. Niliona aibu nikaficha. Hilo ni kosa langu, uje kwangu uchague mbuzi mmoja kati ya wangu. Hilo limekwisha. Sasa la pili." Akageukia watu wote. "Mnasema hii ni sauti ya mchawi. Sawa. Sauti ya mchawi haikai na watoto. Iko kwenu, mmeiweka juu ya kabati, watoto wenu wanalala nayo masikioni. Kila mwenye kanda yangu aende sasa hivi akailete. Nitawasha moto hapa, nitazichoma mwenyewe, kwa mkono huu, zote, na ile ya kwanza. Halafu nitaondoka leo. Nendeni. Nawasubiri."

Akakaa juu ya gunia. Akatoa kiberiti kwenye upindo wa kitenge, akakiweka gotini. Nilimhofia yeye, na sitaficha, niliihofia kanda pia. Hakuna aliyenyanyuka. Kulikuwa na kukohoa. Mama mmoja akasema ya kwake iko kwa wifi, Maswa. Mwingine akasema ya kwake ililiwa na mashine, na mumewe aliyeketi pembeni akamwangalia kwa mshangao wa kweli. Wengine waliangalia paa. Wanunuzi walizima gari ili wasikose kitu. Halafu bibi, bila kuharakisha, akatupa kichwa nyuma akacheka kile kicheko cha fisi, chote, kutoka chini mpaka kinapokatika, mchana kweupe, mbele ya mwenyekiti. Mtoto mgongoni kwa mama yake akaitikia kwa furaha, "Eee!" kama fisi wa Kabula.

"Na wewe, Ngassa?" bibi akauliza. "Ya kwako iko wapi?"

Mzee Ngassa akaangalia viatu vyake. "Betri zimeisha," akasema.

Sikumbuki nani alianza kucheka. Mwenyekiti alifunga daftari, akasema kwa kuwa hakuna aliyeleta kielelezo, kesi haina kielelezo, na watu waende wakaangalie pamba zao. Sitasema kwamba kila mtu alibadilika. Kuna waliozunguka nyumba ya Bibi Holo kwa njia ndefu mpaka mwaka alipofariki, na alifariki miaka mingi baadaye, kitandani kwake, kwa uzee, huku ananung'unikia uji kukosa chumvi. Aliyeandika karatasi hatukumjua. Na najua kwamba vijijini kulikuwa na mabibi wengine wenye macho ya moshi ambao hawakuwa na kanda juu ya kabati la mtu, wala kijana mzembe wa kuwaharibia na kisha kuwasimamia. Hao nawakumbuka kila ninapowasikia watu wanasema kwa upole, aondoke tu kwa amani. Nikilisikia neno hilo, hata leo, natoka nje. Ndicho kitu pekee kinachonitoa.

Wiki iliyofuata pamba ya shangazi ilinunuliwa, chumba kikabaki kitupu na chenye mwangwi, tukalazimika kutundika mablanketi ya mitumba ukutani ili turekodi sehemu ya pili. Bibi alikuwa amekaa juu ya debe, mimi nashika mbegu za mvua, mvua ya kweli ikinyesha nje kwa siku ya tatu, na shamba lake likiwa limekwishapandwa. Hodi ikapigwa. Alikuwa Mzee Ngassa, amelowa, kamba mkononi, na nyuma yake mbuzi jike aliyemchagua kwa bibi. Hakuingia. Hakumsalimia bibi. Alisimama mlangoni, akaiangalia redio kaseti kwa muda mrefu, halafu akaniangalia mimi, na maneno yake nayaandika kama alivyoyasema:

"Mimi sijasema huyu si mchawi, Maduhu. Nimekuja kujua yule mtoto alivuka mto au hakuvuka. Na safari hii uizime hiyo mashine."